Joto la Moshi na njia za mlimani: panda kukiwa bado na baridi, jua likikukuta uwe unateremka

Kuanzia Januari mpaka masika yaanze Moshi inachemka, kila anayeishi hapa analijua hilo, saa nne asubuhi lami ya mjini ishaanza kukurudishia joto usoni na nyuzi 30 zinavukwa kirahisi tu. Na ndo kipindi hichohicho watu wanakumbuka mazoezi, maana Kilimanjaro Marathon inakuja mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, basi kila mtu katoa baiskeli stoo, kila mtu kaenda soko la Memorial kutafuta raba za mtumba, wiki ya pili nusu yao wanaumwa kichwa wanasema mazoezi hayawafai. Mazoezi hayana shida jamani. Shida ni njia uliyochagua na saa uliyotoka nyumbani.

Siri ya Moshi ni kwamba mji umekaa kwenye mteremko. Mjini ni kama mita 800 na ushee kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 100 hewa inapoa kwa nusu nyuzi hivi, mara nyingi zaidi kidogo. Ukifika geti la hifadhi pale Mweka, mita 1,600 na kitu, umeshajipunguzia nyuzi kama tano bila kununua feni. Na hapo sijahesabu kivuli cha migomba, miparachichi na mringaringa, wala upepo unaoshuka asubuhi kutoka msituni. Kwahiyo kanuni yangu ni moja tu na nimeilipia kwa mateso: unaanza na kupanda, mapema, kukiwa bado na ubaridi, ili jua likishachanganya wewe uwe unarudi kwa mteremko. Anayeanza kwa kuteremka kwenda kusini, kwenye miwa ya TPC huko au chemchemi za Chemka, anajikopesha raha ya asubuhi na deni atalilipa saa saba mchana kwa kupanda.

Hilo deni nimelilipa. Miaka kadhaa nyuma, Februari, mimi na mshkaji wangu tuliamua twende Chemka kwa baiskeli, tukapanga kuondoka saa kumi na mbili, ikawa fundi hajamaliza breki, mara chai, mara chapati, tukatoka saa tatu. Kwenda ilikuwa burudani, lami mpaka Boma Ng'ombe alafu unaingia kusini kwenye vumbi, barabara inateremka taratibu, wala hupigi pedeli sana, unajiona mwamba. Tukaogelea, maji yale kwa Kizungu wanayaita ya moto ila ni ya uvuguvugu tu, tukala chipsi, tukapiga picha. Saa saba tukaanza kurudi. Ule mteremko tulioufurahia sasa ni kamlima kasikoisha, huoni kama ni mlima lakini mapaja yanajua, mti hakuna, upepo wenyewe unapuliza kama umetoka kwenye oveni, maji tuliyobeba yalikuwa moto kiasi ungeweza kukorogea kahawa. Alafu pancha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, maana ile ardhi ina mbigili na miba ya migunga kila mahali. Wakati naziba ya tatu nikaona vinyweleo vya mikono vimesimama, nasikia baridi, juani, saa nane mchana! Mwenzangu namuuliza pampu iko wapi ananijibu habari za kaka yake. Mama mmoja mwenye genge ndo alituokoa, akatuweka chini ya mwembe, akachukua ndoo ya maji ya kuoshea nyanya akatumwagia kichwani bila kutuuliza, akasema "nyie watoto mna wazimu kweli", tukakaa pale saa nzima mpaka ikapita kirikuu ikatubeba na baiskeli zetu hadi Boma. Nimekoma. Chemka naenda bado, ila kwa gari, au kwa baiskeli mwezi wa saba.

Sasa tuje kwenye saa. Kipindi hiki jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, ila mwanga wa kuona njia unaanza kama dakika ishirini kabla. Wewe saa kumi na mbili kamili uwe umeshavaa, umeshakunywa maji, uko barabarani. Saa tatu na nusu uwe umefika juu kabisa ya safari yako, na kuanzia hapo ni kurudi tu, saa nne na nusu uwe nyumbani au chini ya paa fulani. Usinidanganye kwamba utatoka saa mbili "ukimbie haraka". Ikikaribia katikati ya Machi jua hapa kwetu linapita utosini kabisa, saa saba kasoro mchana kivuli chako unakikanyaga, miti ya pembeni ya barabara haikusaidii kitu kwasababu kivuli chake kimekaa kwenye mizizi. Jioni inawezekana pia, kuanzia saa kumi na moja, lakini kumbuka ardhi na lami zimekula joto mchana kutwa na zinalitema, kwahiyo jioni ya saa kumi na moja ina joto kuliko asubuhi ya saa mbili. Na giza hapa halibembelezi, saa moja usiku kweusi, sasa uko kwenye korongo huna tochi utafanyaje.

Wanaofunga, miaka hii Ramadhani inaangukia hukuhuku Februari na Machi, basi mbio ndefu ziache kabisa. Toka lisaa limoja kabla ya magharibi, polepole, njia tambarare yenye kivuli, ukimaliza uwe mlangoni kwa futari. Usipande Mweka na saumu mchana, hutapata thawabu ya ziada kwa hilo.

Njia zenyewe. Nitataja chache ninazozipita, mengine utagundua.

Ya kuanzia ni barabara ya Mweka. Unatoka mjini unapita Shanty Town unaelekea juu, ni lami, ni kama kilomita 14 mpaka getini na ni kupanda mwanzo mwisho, hakuna ujanja. Kwa baiskeli weka gia nyepesi tangu chini, usisubiri uchoke ndo ubadilishe, cheni za mtumba hazipendi kubadilishwa gia ukiwa umekanyaga kwa nguvu zote. Kwa mkimbiaji sio lazima ufike getini, pandisha dakika hamsini, geuza. Ukishapita maduka ya chini kidogo utaanza kuona vijia vya udongo vinachepuka kulia na kushoto kuingia vihambani, yaani mashamba ya migomba ya Wachagga, hapo ndo utamu ulipo, acha lami. Hii ndo barabara ambayo mbio za Kilimanjaro Marathon zinapanda, na wanaokimbia 42 wanaijua kwa machozi, maana nusu ya kwanza wanaimalizia kule chini kwenye tambarare kukiwa na ubaridi, alafu wanaanza kupanda Mweka jua likiwa limeshatoka na miguu imeshachoka. Mashindano hayo tangu 2003 yapo na kila mwaka watu wanakata moto palepale. Waandaaji hawana jinsi, ila wewe Jumamosi yako unaipanga mwenyewe, kwahiyo ipange kinyume chake.

Ya pili, Uru kwenda Materuni. Hii ni nzuri kuliko zote kwa joto kwa sababu ukipita katikati ya vihamba unakuwa kama uko ndani ya nyumba, kahawa chini, migomba juu yake, miti mikubwa juu yake tena, jua linakufikia vipandevipande. Juu kabisa kuna maporomoko. Pale kijijini kuna geti la kulipia kiingilio, beba hela ndogondogo usianze kutoa noti kubwa saa moja asubuhi mtu hana chenji. Baiskeli iache juu kwa watu, njia ya kushukia kwenye maporomoko ni ya miguu, nyembamba na ina utelezi. Ile baridi ya mvuke wa maji ukifika chini, jamani, mwezi wa pili, huamini kama hiyo ni Moshi ileile.

Ya tatu Old Moshi, unaanzia Kiboriloni unapandisha kwenda Tsuduni na Kidia. Mwinamo wake ni mkali, watu wa baiskeli wengine tunashuka tunasukuma na hakuna aibu. Tsuduni ndo ulipo mti ambao Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wamangi na wenzao wengine, pita kwa adabu, simama kidogo. Mimi huwa nakunywa maji palepale nageuza, siku nikiwa na nguvu naendelea mpaka Kidia.

Na kwa siku ambazo huna muda au unataka tambarare: msitu wa Rau. Uko karibu kabisa na mjini, umekaa bondeni penye chemchemi, kwahiyo hata jua likiwa kali ndani kuna ubichi na kivuli, kuna mbega na kima, na kuna ule mvule mkubwa ambao kila mgeni anapelekwa kupigwa nao picha. Ni hifadhi ya msitu, kuna ada, lipa. Ubaya wake ni mbu, pembeni kuna mashamba ya mpunga na mifereji ya umwagiliaji, kwahiyo ukienda asubuhi sana au jioni paka dawa. Na usiende peke yako, hili nasema kwa wote ila dada zangu hasa, nendeni wawili watatu, na mtu mwingine ajue mmepita wapi.

Juu zaidi ya vijiji kuna msitu wa hifadhi ya taifa. Ukiuona mstari wa miti mikubwa imeanza na migomba imeisha, hapo geuza. Usijifanye hujui. Ndani kuna vibali na malipo yake na askari wanapita.

Kitu ambacho ramani ya simu haitakuambia ni makorongo. Mlima huu umechanwachanwa na mito inayoshuka toka juu, kila kijiji kimekaa kwenye mgongo wake, kwahiyo kupanda na kushuka kwenye mgongo mmoja ni rahisi, lakini kukatiza kwenda kijiji cha jirani ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena, na kwenye simu unaona kilomita moja na nusu tu! Ukiuliza mwenyeji "ni mbali?" atakujibu "sio mbali, ni hapo tu", na yeye hadanganyi, yeye anapita kila siku na debe kichwani. Usiulize umbali. Uliza hivi: "nitavuka mito mingapi?" Akikwambia mmoja, nenda. Akikwambia mitatu na imeshafika saa tatu, mshukuru, geuza. Mimi mzunguko ninaoupenda wakati wa joto ni kupanda mgongo mmoja, kuvuka korongo moja tu tena kule juu kukiwa bado na baridi, alafu kuteremka mgongo wa pili. Moja tu. Kuvuka korongo kule chini saa nne, chini mtoni hewa haitembei, ni kama umeingia jikoni ugali unasongwa.

Njia za vihambani ni za watu. Hizi sio njia zilizotengenezwa kwa ajili ya baiskeli zetu, ni njia ya bibi anayetoka kukata majani ya ng'ombe na mzigo umemfunika mpaka mabega, yeye hakuoni na hawezi kukukwepa, kwahiyo wewe shuka, simama pembeni, "shikamoo bibi", subiri apite. Ukiweza "shimbonyi", salamu ya Kichagga, ndo kabisa, utaona uso unavyofunguka, na ukipewa maji au ndizi sema "aika", ndo asante. Wazee watakusimamisha. Mzee mmoja wa Kibosho aliwahi kuniuliza "kijana, umefukuzwa na nani?" nikamwambia "sijafukuzwa meku (mzee), nafanya mazoezi", akaniangalia toka juu mpaka chini akasema "jembe lipo pale". Sikuwa na jibu. Pia ukiona safu ya masale yamepandwa ule ni mpaka wa kihamba cha mtu, usikatize, zunguka, hata kama mwenye programu ya ramani kachora mstari unapita katikati. Nimewahi kufuata huo mstari nikatokea jikoni kwa watu wanakunywa uji.

Mbwa. Mbwa wa vihambani wanafunguliwa usiku na saa kumi na mbili asubuhi wengine bado hawajafungwa. Akikutokea acha kukimbia, shuka kwenye baiskeli uiweke katikati yako na yeye, ongea kwa sauti ya kawaida, tembea taratibu. Kukimbia ndo kumwambia akufukuze. Ikitokea amekung'ata, hata kidogo, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kabisa ukiangalia saa, alafu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usiweke vitunguu, usisubiri uone kama mbwa atakufa.

Mifongo nayo ina sheria zake. Mfongo ni kile kifereji cha asili kinacholeta maji toka juu mlimani mpaka kwenye migomba ya watu, na kwa mtu mwenye joto ni zawadi, maji ya baridi kweli, chovya kofia, lowesha shati, jimwagie kisogoni na mikononi, endelea na safari, huo upoozaji ni mzuri kuliko kunywa lita nzima kwa mpigo. Lakini usipitishe tairi juu ya kingo zake. Ule ni udongo tu umeshindiliwa, ukiubomoa maji yanapotea kwa jirani na zamu ya mtu kumwagilia inapita, na hizo zamu zimepangwa, watu wanazigombania hasa kipindi hiki cha ukame. Beba baiskeli begani uvuke. Na usiogee wala kuosha viatu, kuna mtu huko chini anachota ya kupikia. Wala wewe usiyanywe hayohayo bila kuchemsha.

Kunywa sasa. Mtu anayekimbia kwenye joto anaweza kutoka jasho lita moja kwa saa, wengine zaidi, wengine pungufu sana, kwahiyo usifuate chupa ya mwenzako. Jipime: panda mizani kabla hujatoka, ukirudi jifute jasho upande tena bila nguo za jasho, kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji uliyopoteza ukijumlisha na uliyokunywa njiani. Fanya mara mbili tatu utajijua. Mimi natoka na chupa mbili, moja nailaza friza usiku ikiwa nusu, asubuhi naijaza, inabaki ya baridi mpaka juu. Kwenye nyingine naweka chumvi na sukari, na sihangaiki na vinywaji vya bei mbaya, pakiti ya ORS ya duka la dawa kwa lita moja inatosha, au ukitengeneza mwenyewe ni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kufuta sio vya kilima, kwenye lita moja ya maji safi. Ukizidisha chumvi utatapika. Kunywa kidogokidogo kila baada ya dakika kumi na tano hivi. Na kuna kosa la upande wa pili ambalo watu hawalijui, kunywa maji matupu mengi mno masaa mengi mfululizo, chumvi ya damu inashuka, mtu anavimba vidole, anachanganyikiwa, na watu wanamwongezea maji! Kama tumbo linacheza maji na bado unajilazimisha, acha. Chakula njiani ni ndizi kisukari mbili na karanga za chumvi, basi. Juisi ya muwa ya tangawizi na ndimu ni ya mwisho, ukishafika mjini, sio katikati ya mlima.

Mwili unazoea joto lakini unadai muda, siku kumi mpaka kumi na nne. Wiki ya kwanza nenda nusu saa, dakika arobaini, polepole hata kama unajiona una nguvu. Kipimo ni mdomo wako, kama huwezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, punguza. Usiangalie saa ya mkononi inasema kilomita kwa dakika ngapi, joto likiwepo hizo namba zako za mwezi wa saba sahau. Hii hasa nawaambia machalii wa Arusha mnaokuja kukimbia Moshi. Nyie mko mita 1,400 huko, mnakimbia Njiro na Ilboru na sweta asubuhi, mnashuka hapa siku moja kabla ya mbio mnataka kukimbia kwa mwendo uleule, alafu mnasema tumewaroga. Njooni mapema, au kubalini kupungua kasi.

Kuvaa: shati jepesi la mikono mirefu, jeupe, linashinda singlendi kwa jua la hapa. Kofia yenye ukingo. Mafuta ya mgando mapajani, kwapani na chuchuni, jasho la chumvi linachubua vibaya. Raba za mtumba kunja soli kabla hujalipa, gundi iliyokaa kwenye kontena miezi inaachia ukiwa juu kabisa Materuni na utarudi na ndala za mtu.

Baiskeli ina mambo mawili makubwa kipindi hiki, miba na breki. Ukienda upande wa chini wa barabara kuu huko, mbigili zitakukuta tu, beba tyubu ya akiba nzima, viraka, solusheni, msasa na pampu, na ukishatoa tyubu pitisha kidole taratibu ndani ya tairi kabla hujarudisha, mwiba uliobaki unakupa pancha nyingine baada ya mita mia. Tairi usilijaze upepo mpaka liwe jiwe alafu ukaliacha juani, hewa inatanuka. Breki ndo za hatari zaidi. Kuteremka toka Mweka ni kama mita 800 za kimo, kushuka bila kupumzika, na ukishikilia breki za raba muda wote rimu inapata moto kiasi ukiigusa unaungua. Mimi kiraka kilinibandukia hapo, solusheni imelainika, nikasikia tu fyuuu, tairi la mbele, bahati nzuri nilikuwa naenda taratibu nikaishia kwenye mgomba. Kwahiyo breki unabana kwa nguvu kidogo, unaachia, unabana, unaachia, za mbele na za nyuma kwa pamoja, na kila baada ya kilomita tatu nne simama kivulini zipoe. Hata za diski zinachoka, utaona mkono unavuta zaidi ya kawaida. Hiyo pia ni nafasi ya kunywa maji na kusalimia watu.

Dalili za kuacha: kichwa kinagonga, kichefuchefu, kizunguzungu, baridi na vinyweleo kusimama juani kama mimi kule Chemka. Hapo safari imeisha, kaa kivulini, jilowanishe, kunywa, piga boda. Lakini mwenzako akianza kuongea visivyoeleweka, anayumba kama mlevi, au amezima, hiyo sio uchovu tena, huo ni mwili umepita nyuzi 40 na kila dakika ina maana. Mvue nguo, mmwagie maji ya baridi mwili mzima bila kuacha, mpepee, kama mto upo karibu mlaze kwenye maji kichwa kikiwa nje umshikilie. Poza kwanza, usafiri uitwe huku mnapooza. Usimlazimishe kunywa kama akili haijakaa sawa, atapaliwa. Watu wanakosea hapo, wanamfunika mgonjwa na kanga wanamkimbiza kwenye gari limefungwa vioo.

Jumamosi yako ya kwanza basi ifanye hivi. Ijumaa jioni baiskeli umeshaikagua, chupa iko friza, umelala mapema. Saa kumi na mbili uko njiani na mwenzako mmoja, simu ina chaji na hela kidogo ya M-Pesa, namba ya boda mmoja unayemfahamu. Panda Mweka mpaka saa mbili na nusu popote utakapokuwa, hata kama ni nusu ya njia, chepuka kihambani utembee kidogo, kula ndizi, lowesha kofia kwenye mfongo, geuza. Saa nne kasoro uko mjini unaagiza mtori. Wakati unaupoza, ipindue baiskeli, zungusha tairi taratibu uking'oa miba yote iliyojichomeka, maana ule mwiba mfupi usiouona leo ndo utakaokufanya ukute tairi limelala chini kesho asubuhi.